Maziwa ya Masisi na chunusi za Goma

Mama aliingia wa kwanza. Binti alibaki mlangoni, amejifunika nusu ya uso kwa ncha ya kitenge. "Dokta," akasema mama, "huyu nimemkataza maziwa tangu Noeli. Chai anakunywa bila maziwa, maziwa yaliyochacha, mashanza, hata kuonja hapana. Na bado, tazama uso." Mimi si daktari. Nauza dawa tu katika farmasi ndogo ya Katindo, ila hapa Goma kila anayesimama nyuma ya meza ya dawa ni dokta, na kubishana nimeshaacha.

Nikamwuliza, kwa nini maziwa? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inalowesha. "Si mafuta, dokta? Maziwa yana mafuta, mafuta yanatafuta pa kutokea, yanatokea usoni."

Maneno hayo nayasikia karibu kila wiki, kwa kina mama, kwa wanafunzi, hata kwa wauguzi wawili watatu. Yana picha nzuri na yanaingia akilini haraka. Bahati mbaya, hatua zake zote zimekosea. Na bado hitimisho lake, kwamba maziwa yana mkono katika chunusi, si upuuzi mtupu. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa: wanatetea jambo lenye chembe ya ukweli kwa sababu isiyo ya kweli, na anayewabishia sababu hudhani amelimaliza jambo lenyewe.

Tuanze na chunusi, au mabuto kama wengi wetu tunavyosema kwa kuazima Kifaransa. Kila unywele wa usoni, hata ule laini usioonekana, umekaa ndani ya kishimo. Ubavuni mwa kishimo kuna tezi inayotengeneza mafuta yake yenyewe, yaitwayo sebamu. Mafuta hayo hayasafiri kutoka sahanini hadi shavuni. Tezi inayatengeneza kwa amri ya homoni, hasa zile zinazoamka wakati wa kubalehe. Seli zilizokufa zikiziba mdomo wa kishimo, sebamu inakwama, bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye anaishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu bila kutudhuru, anapata karamu, mwili unakasirika, panavimba. Kazi hiyo yote inachukua wiki kadhaa kabla jicho halijaona kitu. Kwa hiyo anayeniambia "jana usiku nilikunywa glasi, leo asubuhi limetoka moja kidevuni" anailaumu glasi isiyohusika. Kipele cha leo kilianza kujengwa zamani, wakati yeye hakumbuki alikula nini.

Kuna pia damu ya ukoo. Utafiti wa mapacha uliotolewa Uingereza mwaka 2002 ulikadiria kwamba takriban asilimia 81 ya tofauti za chunusi kati ya mtu na mtu zinatokana na urithi. Baba aliyekuwa na uso wa mashimo na mwana anayefuata njia hiyo hiyo wanaweza kunywa maziwa ya ng'ombe mmoja na jirani yao mwenye uso laini kama yai.

Sasa shutuma yenyewe. Ilipata nguvu mwaka 2005, na aliyeongoza ni Clement Adebamowo, daktari mtafiti wa Nigeria aliyekuwa Harvard, Marekani. Yeye na wenzake walichukua wauguzi wanawake 47,355 wa Marekani ambao walikuwa wameulizwa walikula na kunywa nini walipokuwa sekondari, na kama daktari aliwahi kuwaambia kwamba wana chunusi kali. Waliokunywa maziwa mengi kuliko wote walikuwa na chunusi kali kwa asilimia 22 zaidi ya wale waliokunywa machache kabisa. Mwaka 2006 wakatoa habari za wasichana 6,094, mwaka 2008 za wavulana 4,273, safari hii waliofuatiliwa wakiwa bado vijana, na matokeo yakaelekea upande ule ule. Mwaka 2018 watafiti wa Denmark wakakusanya tafiti 14 zenye watu 78,529 wa umri wa miaka 7 hadi 30: wanaotumia maziwa na vitu vya maziwa walikuwa na uwezekano wa chunusi ulio juu kwa karibu robo.

Nikae kidogo kwenye hiyo asilimia 22, maana ndiyo inayotisha watu simuni. Haisemi kwamba wanywaji 22 katika 100 watapata chunusi. Tuseme, kwa mfano tu, katika wasichana 100 wasiogusa maziwa kuna 20 wenye chunusi kali. Kwa wasichana 100 wanaoyanywa sana utakuta 24 hivi. Wanne wameongezeka. Lakini wale 20 walikuwa nazo bila maziwa, na 76 wamekunywa wakabaki na nyuso zao. Kwa nchi nzima wanne katika mia ni jambo kubwa. Kwa binti mmoja aliyesimama mlangoni pangu ni bahati nasibu.

Jambo lililowashangaza watafiti wenyewe ni aina ya maziwa. Katika ule utafiti wa 2005, maziwa yaliyoondolewa mafuta, yale mepesi kama maji ya kuoshea mchele, ndiyo yaliyoonyesha uhusiano mkubwa kuliko yote: asilimia 44. Yenye mafuta yake kamili yalionyesha 12 tu. Katika mkusanyo wa 2018 mepesi yalipata 32, mazito 22. Nilipomweleza mama huyo habari hii alicheka, akadhani namtania. Lakini hapo ndipo nadharia ya "mafuta yanatokea usoni" inapokatika mguu. Kama mafuta ya maziwa ndiyo mkosaji, kuyaondoa kungepunguza kosa.

Basi nini? Maziwa ni chakula kilichoandaliwa kumkuza ndama haraka. Ndani yake, hasa kwenye protini zinazobaki katika maji ya maziwa jibini inapotolewa, kuna ujumbe unaouambia mwili: kua. Mwili unajibu kwa insulini, na kwa homoni nyingine ya ukuaji inayofupishwa IGF-1. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2001 jambo la ajabu: maziwa hupandisha sukari ya damu kidogo tu, lakini insulini huipandisha karibu sawa na mkate mweupe, 90 hadi 98 ukilinganisha na 100 ya mkate. Na, wapenzi wa mashanza mnisamehe, maziwa yaliyochacha yalifanya vivyo hivyo. Nchini Denmark wavulana wa miaka 8 walipewa lita moja na nusu ya maziwa mepesi kila siku kwa siku 7. IGF-1 yao ikapanda kwa asilimia 19. Wenzao waliopewa nyama yenye protini kiasi kile kile, yao haikupanda.

IGF-1 inaifikia ile tezi ya sebamu na kuiambia itoe zaidi, na inaharakisha seli zinazoziba mdomo wa kishimo. Ushahidi unaonivutia mimi kuliko mwingine wote unatoka kwa watu wenye ugonjwa wa Laron, ambao miili yao inashindwa kutengeneza IGF-1. Hubaki wafupi sana, na chunusi kwa kawaida hawapati. Wakitibiwa kwa IGF-1 na kipimo kikizidi, chunusi zinakuja. Kipimo kikipunguzwa, zinaondoka. Vijana wa sali za mazoezi wanaokunywa unga wa protini ya maziwa ili wavimbe vifua nao wamo: madaktari wameandika habari za vijana waliojaa chunusi walipoanza unga huo, zikapoa walipouacha. Ni wachache, hatuwezi kujenga nyumba juu yao, ila wanaelekeza kidole kule kule.

Hadi hapa ungesema maziwa yameshapatikana na hatia. Bado.

Wale wauguzi 47,355 waliulizwa wakiwa watu wazima kuhusu glasi walizokunywa wakiwa sekondari. Jaribu wewe kukumbuka ulikunywa vikombe vingapi kwa wiki ukiwa kidato cha tatu. Halafu kuwaona wawili wakitembea pamoja hakuthibitishi kwamba mmoja anamvuta mwingine. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2002, watafiti waliwachunguza watu 1,200 wa kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, na 115 wa kabila la Aché nchini Paraguay, wasikute hata chunusi moja. Wapinga maziwa hupenda kuutaja utafiti huo, kwa kuwa watu hao maziwa karibu hawanywi. Ni kweli, lakini pia mkate mweupe, sukari na vyakula vya dukani walivigusa kidogo tu, na wana urithi wao. Utamkamata nani?

Denmark walijaribu ujanja mwingine mwaka 2018. Kuna jeni inayomwezesha mtu mzima kusaga sukari ya maziwa bila tumbo kunguruma; mwenye nayo kwa kawaida hunywa zaidi. Jeni mtu anazaliwa nayo, haichagui kama anavyochagua soda, kwa hiyo ikiwa maziwa yanaleta chunusi, wenye jeni hiyo wangepaswa kuwa na chunusi zaidi. Waliwapima watu wazima 20,416. Wale wa miaka 20 hadi 39 waliosema wanakunywa sana walikuwa na chunusi zaidi, kama katika tafiti nyingine, lakini jeni yenyewe haikuonyesha uhusiano unaoshikika. Makadirio yao yalikuwa legelege mno kufunga mjadala, na ndivyo ulivyobaki. Majaribio yanayotakiwa hasa, ya kuwagawa vijana kwa kura, hawa wanywe, hawa wasinywe, halafu kuhesabu vipele, kwa maziwa karibu hayapo. Ndiyo maana wataalamu wa ngozi wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2024, walisema ushahidi hautoshi kumpendekezea mgonjwa aache maziwa.

Na sisi wa Goma? Hapa ndipo ninapokuwa mkali kidogo. Tafiti nilizozitaja karibu zote ni za watu wanaofungua friji na kujimiminia glasi ya maziwa baridi, kama sisi tunavyokunywa maji. Kwetu maziwa yanashuka kutoka Masisi na Rutshuru kwenye bidoni za njano, njia ikikubali, na yakifika yanapimwa kwa kikombe. Yule mama nilimwuliza kabla ya Noeli binti alikuwa anakunywa kiasi gani. Alinionyesha kwa vidole viwili: kiasi hiki, kwenye chai ya asubuhi. Jumapili labda bakuli la mashanza na bugali. Kiasi hicho kwa wiki nzima hakifikii alichokunywa mvulana wa Denmark kwa siku moja. Halafu yetu yana mafuta yake yote. Hayo mepesi ya asilimia 44 hapa ni bidhaa ya rafu mbili tatu za alimantasio kubwa, maduka ya vyakula. Fromaji ya Masisi ni swali jingine tena: kwenye jibini tafiti zinagongana, na ule mkusanyo wa 2018 uliowekea yogati alama mbaya ulifuatwa na mwingine wa 2019 uliowaachilia wote wawili, yogati na jibini.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye takwimu za wageni halionekani. Maziwa hapa hayaji peke yake. Yanakuja ndani ya chai, chai ina sukari, na pembeni kuna mandazi mawili yaliyokaangwa asubuhi ile. Ukimwondolea mtoto chai ya maziwa uso ukapata nafuu, umeondoa nini? Kuhusu sukari na unga mweupe angalau kuna jaribio la kweli. Katika jaribio lililotolewa mwaka 2007, huko Australia, vijana wa kiume 43 wa miaka 15 hadi 25 waligawanywa: wengine wakapunguza vyakula vinavyopandisha sukari ya damu ghafla, wengine wakaendelea kama kawaida. Baada ya wiki 12 vipele vya kundi la kwanza vilikuwa vimepungua zaidi. Ni jaribio dogo, lakini maziwa hayana hata hilo.

Nilikuwa nataka kusema hayo yote kwa mama, lakini kwanza nilimwita binti karibu na dirisha. Chunusi za kawaida za umri wake zina mchanganyiko: vidoa vyeusi vya vishimo vilivyoziba, vipele vidogo, viwili vitatu vyenye usaha. Zake zilikuwa zimefanana zote, ndogo, saizi moja, kama zimepandwa kwa mstari, mashavuni na kidevuni. Na ngozi yenyewe ilikuwa nyepesi mno, inang'aa, ya rangi tofauti na shingo.

"Unapaka nini, dada?"

"Hapana kitu, yaya. Glisirini tu."

Nikasubiri. Mama akageuka kumtazama. Binti akafungua mkoba, akatoa tyubu iliyokunjwa nusu kama dawa ya meno inayoisha. Kwa herufi ndogo chini ya picha ya mwanamke mweupe iliandikwa: clobetasol propionate 0.05%. Alianza Oktoba, ili ang'ae kwenye harusi ya shangazi yake. Vipele vilianza Desemba. Noeli mama akapiga marufuku maziwa, na tyubu ikaendelea kupakwa kila usiku ili kutibu vipele.

Clobetasol ni dawa halali, tena yenye nguvu sana, ya jamii ya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe. Daktari wa ngozi huiandika kwa ukurutu mgumu, mahali padogo, kwa siku chache. Usoni, kwa miezi, inafanya ngozi iwe nyembamba, inaotesha nywele, inachora mishipa midogo, na inaleta vipele vya namna ile ile niliyoiona dirishani. Ubaya wake ni kwamba mwanzoni inatuliza. Ukiacha ghafla uso unawaka, kwa hiyo unarudi kupaka, na tyubu inajipatia mteja wa maisha. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda ilianza kuyaondoa mafuta ya kung'arisha ngozi madukani kati ya mwisho wa 2018 na mwanzo wa 2019. Upande wetu unayapata sokoni, pembeni ya sabuni, na muuzaji hakuulizi umri.

Mafuta ya nywele nayo nayaweka mbele ya maziwa. Mwaka 1970 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wanaume weusi waliokuwa na vipele vya paji la uso na pembeni mwa kichwa peke yake, mahali pomadi ya nywele inapotelemkia. Msusi anayemaliza kazi kwa kumwaga mafuta hadi yanachuruzika ananiletea wateja wa paji la uso kila mwezi.

Anayetaka kweli kuyapima maziwa anaweza kujipima mwenyewe, bora ajipe muda. Wiki moja haitoshi, kwa sababu vipele vya wiki hii vimeshajengwa. Miezi miwili, mitatu ndiyo kipimo. Abadilishe kitu kimoja tu: aondoe maziwa lakini sukari, mafuta ya nywele na sabuni vibaki vile vile. Apige picha kwenye dirisha moja, saa moja, kila Jumapili. Msichana aandike pia siku zake, kwa sababu wengi huchafuka uso wiki ya kabla ya hedhi na kulaumu chochote walichokula. Halafu ayarudishe maziwa aone. Miezi hiyo mwili usikose kalsiamu: sambaza, vidagaa vya kukausha vinavyoliwa pamoja na mifupa yake, sombe ya majani ya muhogo, mchicha wa lengalenga. Ila mtoto mdogo asinyang'anywe maziwa kwa ajili ya hofu ya uso wa dada yake. Hilo nimeliona likifanyika na linaniudhi.

Kwa chunusi zenyewe dawa zipo na hazisubiri kesi ya maziwa iishe. Benzoyl peroxide, dawa ya kupaka, inapatikana, inafanya kazi, na inatoa rangi kwenye kitenge na foronya, kwa hiyo lalia kitambaa cheupe. Adapalene pia, lakini si kwa mjamzito. Uso uoshwe mara mbili kwa siku kwa sabuni laini. Lile jiwe la volkano tuachie visigino. Na kuminya ni kuacha alama: kwenye ngozi yetu nyeusi doa la kipele kilichominywa linakaa miezi.

Binti nilimwandikia karatasi ya kumpelekea daktari wa ngozi, kwa sababu kuachishwa steroidi usoni si kazi ya meza yangu, na nikamwonya kwamba uso utachafuka zaidi kabla ya kutulia, asikimbilie tyubu nyingine. Mama alikuwa kimya kwa muda, ameishika ile tyubu mkononi akijaribu kusoma herufi ndogo. Kisha akauliza kama basi anaweza kumrudishia mtoto maziwa kwenye chai.

"Mrudishie, mama. Hiyo chai huwa ina vijiko vingapi vya sukari?"

Wakaangaliana.

"Vinne," akasema binti.

"Vitano," akasema mama.